“Ukarabati” Ni Kazi Gani? Uhakiki wa Istilahi za Vibali vya Ujenzi

Madhumuni ya makala haya ni kulihakiki neno moja ambalo limebebeshwa kazi nyingi kupita uwezo wake. Neno hilo ni ukarabati. Katika matangazo, katika fomu za kuombea vibali, na katika tafsiri za kanuni za ujenzi, neno hili hutumiwa kwa kupaka rangi, kuziba ufa, kuezeka upya, kuvunja ukuta, kuongeza chumba, na hata kujenga nyumba nzima mahali pa ile iliyoanguka. Kasoro hii si ya mtindo tu. Inamnyima mwananchi jambo analopaswa kulijua kabla hajamwita fundi: je, kazi hii yahitaji kibali au haihitaji?

Tuchukue sentensi ya mfano, ya aina ambayo msomaji ataitambua mara moja: “Ni marufuku kujenga au kufanya ukarabati wowote bila kibali.” Kwa sarufi, sentensi hii haina kosa. Kwa maana, inamfanya mtu aliyebadilisha kitasa cha mlango kuwa mvunja sheria sawasawa na yule aliyeongeza ghorofa juu ya msingi wa nyumba ya chini. Kwa kuwa hakuna anayeamini kwamba kitasa kinahitaji kibali, marufuku yote hupoteza nguvu. Siku mwenye nyumba atakapotaka kuvunja ukuta, atasema kwa moyo mweupe kabisa kwamba anafanya “ukarabati mdogo tu”. Katazo lililoandikwa kwa neno pana mno limempa yeye mwenyewe udhuru.

Tumeichagua Tabora kuwa mfano wetu kwa sababu historia ya mji huo na ya lugha yetu haziachani. Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita hapo, nacho Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuota mizizi Unyanyembe kabla ya utawala wa kikoloni. Burton na Speke walipofika mwaka 1857, mahali walipopaita Kazeh palikuwa na matembe ya wafanyabiashara Waarabu. Reli ya Kati ilifika mjini mwaka 1912. Kwa hiyo Tabora ni mji ambao watu wamejenga, wamebomoa na wameongeza nyumba zao kwa Kiswahili kwa muda mrefu.

Tutazame sasa nyumba ya kawaida ya Ng’ambo au Isevya: ina ukumbi katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele na ua nyuma. Mwenye nyumba anataka kutoa fremu ya duka. Anavunja dirisha la chumba cha mbele ili apate mlango mpana, anaiziba baraza kwa tofali, na uani anaongeza chumba cha kuhamishia wapangaji. Yeye na fundi wake huziita kazi zote hizo ukarabati. Lakini ndani yake mna mambo matatu: kugeuza umbo la jengo lililopo, kuongeza jengo, na kubadili matumizi kutoka makazi kwenda biashara. Kila jambo lina mkaguzi wake na hatari yake. Mhandisi atauliza ni kitu gani kitakachobeba uzito uliokuwa juu ya ukuta uliovunjwa. Afisa afya atauliza juu ya hewa, choo na maji machafu. Afisa mipangomiji atauliza juu ya mpaka wa kiwanja na hifadhi ya barabara. Fomu yenye neno moja haiwezi kuwaongoza wote hao.

Tembe la kale linaweza kutufundisha jambo hapa. Paa lake ni bapa, ni udongo uliotandazwa juu ya miti iliyopangwa kwa kukaribiana, na mvua zikinyesha udongo huo huzidi kuwa mzito. Vyumba vyake huuzunguka ua, na uzito wote wa paa hushuka kwenye kuta na nguzo. Katika nyumba ya namna hiyo haiwezekani kuutoa ukuta kwa kubahatisha. Hatusemi kwamba wazee hawakupata ajali. Twasema kwamba aina ile ya ujenzi ilimkumbusha mtu daima ni kitu gani kinachobeba kingine. Bati ni jepesi, na wepesi wake umewafanya wengi wasahau swali hilo.

Pale Kwihara, karibu na mji, lipo tembe ambalo Livingstone na Stanley walikaa mwaka 1872. Jengo aonyeshwalo mgeni leo lilijengwa upya katika karne ya 20. Hata hivyo utasikia likisemwa kwamba “limekarabatiwa”. Kwa mwanahistoria tofauti hiyo ni kubwa: ukarabati huacha kitu cha zamani kikiwapo, bali kujenga upya huleta kitu kipya chenye sura ya zamani. Kwa mkaguzi wa majengo nako tofauti ni hiyohiyo.

Uzito wa jambo hili umeonekana mbali na Tabora pia. Tarehe 16 Novemba 2024, jengo la ghorofa liliporomoka Kariakoo, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 20 wakafariki. Baadhi ya wafanyabiashara wa hapo waliviambia vyombo vya habari kwamba kazi ya kupanua nafasi ya biashara chini ya jengo ilikuwa imeanza. Hatudai kwamba istilahi ndiyo iliyoliangusha jengo lile. Twadai tu kwamba kuchimba chini ya jengo lenye watu hakupaswi kuwa na jina moja na kupaka chokaa.

Kwa hiyo tunapendekeza tofauti zifuatazo, na maneno yote tayari ni mali ya Kiswahili:

(a) Matengenezo: kukirudishia kitu hali yake bila kugusa kinachobeba jengo, kama vile kupaka rangi, kupiga lipu, kubadilisha kitasa au bati lililotoboka.

(b) Ukarabati: kulifufua jengo lililochakaa, kwa sehemu kubwa, huku umbo na ukubwa wake vikibaki vilevile.

(c) Mageuzi ya jengo: kuvunja au kuhamisha ukuta, kutoboa mlango, kubadili paa.

(d) Nyongeza: chochote kinachozidisha ukubwa wa jengo, kwa pembeni, kwa juu au kwa chini. Wengine hupenda neno upanuzi. Lakini upanuzi huleta picha ya upana, na ghorofa iliyoongezwa haipanui nyumba. Kwa nyongeza ndogo iliyoegemezwa ubavuni mwa nyumba tunalo neno zuri la zamani, kipenu, ambalo halistahili kuachwa likafa kamusini.

(e) Ujenzi upya: kujenga mahali pa jengo lililoanguka au lililobomolewa.

(f) Mabadiliko ya matumizi: jengo halikuguswa, au limeguswa kidogo, lakini kazi yake imekuwa nyingine.

Ni ipi kati ya hizo itakayohitaji kibali, hilo ni la sheria na kanuni kuamua. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba sheria ikisha kuamua, mwananchi ataelewa ilichoamua.

Yapo maneno mengine mawili yanayohitaji uangalifu. La kwanza ni linta. Mafundi huliita hivyo boriti la zege lililo juu ya mlango mmoja, na pia mkanda wa zege unaoizunguka nyumba nzima. Anayekata la kwanza huhatarisha mlango. Anayekata wa pili huhatarisha nyumba. Tungependa la kwanza liitwe kizingiti cha juu, na wa pili uitwe mkanda. Vivyo hivyo tuseme ukuta wa kubeba na ukuta wa kugawa. Tulifikiri kulitumia neno kiambaza kwa ukuta wa kugawa, tukaliacha, kwa kuwa katika nyumba ya miti na udongo kiambaza chenyewe husaidia kubeba paa. Jina hilo lingepotosha.

Neno la pili ni ramani. Mwananchi huambiwa, “Lete ramani.” Analeta mchoro wa vyumba aliochorewa na fundi, anarudishwa kwa sababu iliyotakiwa ni ramani ya upimaji wa kiwanja, anarudishwa tena kwa sababu michoro ya kihandisi haimo. Safari tatu kwa neno moja! Ramani ibaki kwa ardhi, yaani ramani ya mipangomiji na ramani ya upimaji. Jengo liwe na michoro: mchoro wa vyumba, mchoro wa msingi, mchoro wa paa.

Utaratibu tuliouzoea wa kuunda istilahi hututaka tuanze kutafuta ndani ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha katika lugha za Kibantu, kisha katika lugha nyingine za Kiafrika, na mwisho katika lugha za kigeni. Katika uwanja huu hatujamaliza hata hatua ya kwanza. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria, kazi ya kutafsiri sheria na kanuni imeongezeka, na makosa yatakayoingia sasa yatakaa humo miaka mingi.

Tunawaomba wafasiri wasiliandike neno ukarabati kabla hawajajiuliza ni kitu gani hasa kinachofanywa na jengo. Walimu wa ufundi wawazoeshe wanafunzi majina ya sehemu zinazobeba nyumba kabla ya kuwapa nyundo. Nao watumishi wa halmashauri, wanapoiandaa fomu, waisome kwanza mbele ya fundi mmoja na mwenye nyumba mmoja. Ikiwa wawili hao watatoka na majibu mawili juu ya kazi ileile, fomu hiyo haijawa tayari kuchapwa.