Kinyume cha "Kuaga Dunia" ni Kipi?

Huku Molo, na kote Tororo na Busia, mwanafunzi wa Kiswahili huja darasani na Kiteso, Kijopadhola au Kisamia, na masomo mengine husomeshwa kwa Kiingereza. Ni rahisi kwake kufasiri nahau neno kwa neno: ikiwa Mwingereza anayekufa "hupiga ndoo teke", basi aliye hai ameiacha ndoo isimame! Zoezi la "Taja kinyume" humtega zaidi, kwani hupewa nahau pasipo muktadha.

Ikumbukwe kuwa nahau haipati kinyume kwa kugeuzwa maneno yake. Kinyume cha kukata roho si kuunga roho, wala cha kuaga dunia si kuamkia dunia. Maana ndiyo hugeuzwa. Dhidi ya kuondoka duniani kuna kuzaliwa. Dhidi ya kufa ajalini, kuponea chupuchupu. Dhidi ya kufa mapema, kula chumvi nyingi. Hata chama kilichokufa hakizaliwi, hufufuliwa.

Walimu wenzangu, tutungapo zoezi tutoe sentensi nzima. Vinginevyo tutamnyima alama anayeijua lugha na kumtuza aliyekariri orodha.