Hadithi shirikishi isiwe mtihani uliovishwa kanzu

KUNA aina ya hadithi ambayo siku hizi haikosekani katika programu za simu za kufundishia lugha za kigeni. Unasoma sentensi mbili tatu, mhusika anaulizwa jambo, kisha unaletewa majibu matatu uchague moja. Ukipatia, kengele inalia na alama zinaongezeka. Ukikosea, unaambiwa ujaribu tena. Hadithi hizi huitwa shirikishi, na sina ugomvi na jina hilo. Ugomvi wangu ni mwingine: msomaji anashirikishwa katika nini hasa?

Swali hili linatuhusu sisi wenye Kiswahili kuliko tunavyodhani. Tangu UNESCO ilipoitenga Julai 7 kuwa siku ya lugha hii duniani, mwaka 2021, hatuchoki kujipigia makofi kwamba wageni wanajifunza lugha yetu. Kozi ya Kiswahili ya Duolingo yenyewe ilianza mwaka 2017. Vizuri. Lakini mgeni hajifunzi lugha kwa makofi yetu. Anajifunza kwa vitu anavyopewa asome, asikilize na ajibu.

Tuwe waadilifu kwanza. Hadithi za Duolingo, zile za Kihispania na Kifaransa kwa mfano, zina mengi ya kusifiwa. Ni fupi, zina utani, zinasomwa kwa sauti za watu unaowazoea kama majirani. Tena simu ina subira kuliko mwalimu yeyote niliyewahi kumjua, na haimcheki mtu akitamka vibaya. Kwa mwanafunzi mwenye haya, hilo si jambo dogo. Kasoro yake ni kwamba jibu lako halina uzito. Ukichagua jibu lisilo sahihi, hadithi inakungoja pale pale mpaka upatie, kisha inaendelea na njia yake ile ile iliyoandikiwa. Huo ni mtihani wa ufahamu uliovishwa kanzu ukaambiwa uingie harusini.

Linganisha na The Cave of Time, kitabu cha Edward Packard kilichotoka mwaka 1979 na kufungua mfululizo wa vitabu vya watoto ambamo msomaji ndiye mhusika mkuu. Ukiamua hivi, unafunua ukurasa huu. Ukiamua vile, unafunua mwingine. Miisho yake ni 40, na baadhi yake unakufa. Packard hakuwa akifundisha lugha ya kigeni, lakini alijua jambo ambalo watengenezaji wengi wa programu wamelisahau: mtu husoma kwa makini sentensi ambayo itamgharimu.

Najua msomaji wangu wa Pwani ameshaanza kutikisa kichwa. Atasema mambo haya tunayo tangu enzi, si ndiyo 'Paukwa! Pakawa!'? Si ndiyo 'Hadithi, hadithi! Hadithi njoo!'? Sikubali haraka hivyo. Hadhira inaitika, ndiyo, na kuitika huko kunawaamsha wasinziaji na kumpa mtambaji pumzi. Lakini mwitikio ni mmoja, unajulikana kabla, na hauigeuzi hadithi hata kidogo. Kwa upande huo ngano yetu ya kawaida inafanana na ile programu ya simu kuliko tunavyopenda kukiri.

Ukitaka mahali ambapo msikilizaji wetu ana mamlaka ya kweli, kaangalie kwingine. Kaangalie kwenye vitendawili: ukishindwa kutegua unatakiwa utoe mji, na mtegaji anauchukua na kuuringia kabla hajakupa jibu. Kushindwa kwako kuna bei. Au kaangalie kwenye ngano za mtanziko, zile zinazoishia kwa swali. Ndugu watatu wamemfufua binti kwa pamoja, kila mmoja kwa kifaa chake, je, ni yupi anayestahili kumuoa? Mtambaji hatoi jibu. Ananyamaza, na watu wanaanza kubishana. William Bascom alizikusanya za namna hiyo kutoka pembe nyingi za Afrika katika kitabu chake African Dilemma Tales cha mwaka 1975. Kwa mwanafunzi wa lugha ya kigeni ngano hizi ni hazina, kwa sababu huwezi kubisha kwa kuchagua 'a', 'b' au 'c'. Inabidi useme 'kwa sababu', useme 'hata hivyo', useme 'tuseme basi ingekuwa wewe'.

Sasa hebu tujaribu kuandika moja inayofaa, tuone inatudai nini. Tuiweke Bodo, kijiji cha wavuvi kule kusini ya Msambweni, mahali ambapo watu hupanda vyombo kuvuka kwenda kisiwani Funzi. Mgeni aliyekaa Diani miezi miwili, akijifunza Kiswahili kwenye simu, ameshuka kwenye barabara ya Lunga Lunga na kufika ufuoni. Ni alasiri, maji yameanza kupwa. Mzee amekaa kivulini anashona wavu. Wewe ndiwe mgeni. Utasema nini? 'Shikamoo, mzee.' Au 'Habari yako?' Au 'Nataka boti ya Funzi, ni pesa ngapi?'

Katika hadithi ya kawaida ya programu, la kwanza litawaka kijani na mengine mawili yatawaka nyekundu, basi, mambo yamekwisha. Katika hadithi ninayoitaka mimi hakuna nyekundu. Ukimwuliza bei kabla ya salamu, mzee hakutukani. Anakuonyesha kwa kidevu kijana mwenye mashua ya injini, na kijana anakutajia bei ya mgeni asiyejua kuamkia. Utafika Funzi mapema, mfuko ukiwa mwepesi. Ukisema 'Habari yako?', utajibiwa 'Nzuri', kisha kimya, na kimya hicho nacho ni jibu, juu yako sasa ukifasiri. Ukiamkia, utaitikiwa 'Marahaba', utakaribishwa mkekani, utaulizwa umetoka wapi, wazazi wazima, umeoa au bado. Ukijibu yote kwa adabu utaletewa dafu. Na wakati unakunywa dafu, maji yanazidi kupwa, mashua inakaa juu ya matope karibu na mikoko, na leo huvuki tena.

Hapo ndipo hadithi shirikishi inaposhinda kitabu cha kawaida cha kujifunzia. Kitabu humwambia mgeni kwamba adabu ni jambo jema, na kwamba 'shikamoo' ni jibu sahihi. Hakimwambii kwamba adabu ina muda wake, na kwamba anayeamkia amejitia katika mazungumzo ambayo hayaishi kwa saa yake yeye. Huwezi kulijua hilo kwa kupewa alama. Unalijua kwa kukosa mashua.

Tena tazama sarufi ilivyojipanga yenyewe bila ya kuitwa. Kila chaguo la hadithi ya namna hii ni sentensi ya '-ki-': ukimwamkia mzee, utakaribishwa. Kila safari iliyokwisha safiriwa inasimuliwa kwa '-ka-': nilimwamkia, akanikaribisha, nikakaa, maji yakapwa, mashua ikakwama. Na yule aliyefika mwisho asioupenda, akitazama nyuma njia aliyoiacha, ana haja ya '-ngali-': nisingalikaa, ningalivuka. Nimeona walimu wakihangaika ubaoni na '-nge-' na '-ngali-' kwa mifano ya 'ningalikuwa ndege ningaliruka', mfano ambao haujawahi kumtia mtu majuto. (Huko mitaani '-nge-', '-ngali-' na '-ngeli-' zimechanganyika hata wenyewe wanaoziongea hawakumbuki mipaka yake, lakini hilo ni la wiki nyingine.) Mwanafunzi aliyekosa chombo ana majuto tayari, mpe kiambishi tu.

Jambo la pili ambalo tafsiri kutoka Kiingereza haiwezi kutupa ni huyu 'wewe'. Hadithi ya Kiingereza inamwita msomaji 'wewe' na kuendelea na safari, asijali ni mtoto au kikongwe. Kwetu haiwezekani. Mjerumani wa miaka sitini akimwambia nahodha wa miaka ishirini 'shikamoo', kila aliye ufuoni atacheka, na nahodha mwenyewe atatafuta pa kujificha. Kwa hiyo ukurasa wa kwanza wa hadithi shirikishi ya Kiswahili sharti uanze kwa kumwuliza msomaji umri wake, na jibu hilo ligeuze salamu zote zinazofuata: nani atamwita babu, nani atamwita ami, nani yeye mwenyewe ataitwa mwanangu. Programu inayoanza kwa 'Jambo!' na kubaki hapo imemfundisha mgeni lugha ya kuuziwa vinyago.

Na mtoto wa Bodo je? Yeye ndiye anayenishughulisha zaidi, kwa sababu kwake lugha ya kigeni ni Kiingereza, na hana hiari ya kukisoma au kutokisoma. Nyumbani anasikia Chichifundi, lahaja ambayo H. E. Lambert aliichapishia kitabu mwaka 1958; kwa majirani anasikia Chidigo; chuoni anakutana na Kiarabu; shuleni Kiswahili sanifu. Mtoto huyu si mgeni wa lugha za watu. Kigeni kwake ni kusimuliwa hadithi ambayo mtu hamuulizi neno. Serikali ilipoanza kugawa vishikwambi kwa darasa la kwanza mwaka 2016, ahadi ilikuwa masomo yanayomshirikisha mtoto. Lakini kugusa kioo si kushiriki. Blaine Ray, mwalimu wa Kihispania kule California, alibuni katika miaka ya mwisho ya 1980 mbinu isiyotaka umeme: mwalimu anaanza kisa, kisha anauliza darasa, ni nani huyu, anataka nini, kwa nini hakipati? Jibu linalopendeza linaingia kisani, na maneno yale yale yanarudiwa mara kumi bila ya mtoto kuona kwamba anakaririshwa. Mwalimu wa Kiingereza wa Bodo angeweza kulifanya hilo kesho asubuhi, na pweza akawa mhusika mkuu.

Nitaulizwa kuhusu programu za akili unde, zinazomwachia mwanafunzi aandike sentensi yoyote na kujibiwa papo hapo. Ni hatua mbele, maana kuchagua sentensi si sawa na kuitunga. Lakini kila nilipozijaribu nimekuta mhusika anayekubali kila kitu. Unamsalimu vibaya, anafurahi, unamkatiza, anakushukuru. Mzee wa ufuoni Bodo hana tabia hiyo, na mwanafunzi aliyezoea kufurahiwa atapata tabu sana siku ya kukutana naye.

Linalobaki ni kazi ya kuandika, nayo ni kubwa. Machaguo matatu katika hatua tano yakiachwa yatawanyike ovyo yanazaa njia 243, na hakuna mwandishi wa kuzimaliza. Wenye ujuzi huziacha njia zitengane kisha zikutane tena mahali pachache, hadithi ikikumbuka tu ulichokifanya: uliamkia au hukuamkia, ulilipa ngapi, mzee anakujua kwa jina au hakujui. Zana zipo. Twine, iliyobuniwa na Chris Klimas mwaka 2009, haiuzwi na inatumiwa na watu wasiojua kuandika programu za kompyuta. Asiye na kompyuta achukue kadi ishirini, aandike kipande kimoja cha kisa kwenye kila kadi, na chini yake namba za kadi zinazofuata. Kadi ya kwanza iulize umri. Ya pili iwe ufuoni, na maji yawe tayari yameanza kupwa.