Gauni Jekundu na Mstari wa Unga

Mwaka 1987, huko Long Beach, California, Donna Rhinehart alifuatana na rafiki yake kwenye mbio za kujifurahisha akiwa na gauni jekundu na viatu vya mchuchumio. Kwa mavazi yale, akaambiwa akasubiri garini. Hakusubiri. Aliingia njiani na gauni lake, akakimbia pamoja na wengine. Mwaka uliofuata wakimbiaji wa San Diego walimtumia tiketi ya ndege, na Agosti 12, 1988 alikuta wanaume kwa wanawake wamevaa magauni mekundu wakimngoja.

Tangu hapo mbio za gauni jekundu zimefika miji mingi duniani, na nyingi huchangisha fedha za kusaidia wahitaji. Mimi napenda kukimbia, na napenda gauni, kwa hiyo swali langu ni la kiufundi. Mwanamume ambaye hajawahi kuvaa gauni na yule anayelivaa kwa mapenzi wanakimbiaje pamoja, pasipo mmoja kuwa kioja cha mwenzake? Nimelichunguza jambo hili nikaona limesimama juu ya vitu viwili: unga na mshono.

Tuanze na unga. Mbio hizi ni za vikundi vya Hash House Harriers, vilivyoanzia Kuala Lumpur mwaka 1938 kwa A. S. Gispert na wenzake, na leo vipo hata Nairobi, Kampala na Dar es Salaam. Mchezo wenyewe ni wa zamani zaidi: wanafunzi wa Uingereza waliucheza kwa kumwaga vipande vya karatasi. Mtu mmoja, anayeitwa sungura, hutangulia akiacha alama za unga chini. Kundi humfuata. Penye duara la unga njia hukatika, na hapo kila mtu hutafuta upya. Alama nyingine ni za uongo: unazifuata, zinakoma, unarudi.

Ujanja wote umo kwenye duara hilo. Chukua njia ya kilomita 6. Mwenye kasi ya dakika 5 kwa kilomita atamaliza kwa dakika 30, na mwenzake wa dakika 8 atahitaji 48. Pengo ni dakika 18. Sasa sungura aweke maduara manne, na katika kila moja wa mbele wapotezwe mita 450 kwenda na mita 450 kurudi. Watakuwa wameongeza kilomita 3.6, yaani dakika zilezile 18. Wa nyuma anafika kwenye duara wakati njia ya kweli imekwisha kupatikana, anapita moja kwa moja, na wote wanaingia mwishoni pamoja. Hodari amekimbia zaidi, mzito amekimbia kiasi chake, na hakuna aliyemwacha mwenzake. Sungura asiyejua kupima maduara yake huharibu siku nzima.

Mshono nao una hesabu yake. Mtu wa pwani aliyewahi kukimbilia daladala akiwa na kanzu anajua shida ya pindo: mguu unataka kwenda, nguo inaukatalia, mpaka ulikunje mkononi. Kwa hiyo nilipomwendea fundi wangu, mama mtu mzima, anishonee gauni, nilikuwa nimejiandaa kuzungumzia pindo tu.

“La mkeo, mwanangu?”

“La kwangu, mama. La kukimbilia.”

Alinitazama kidogo, kisha akavuta futi yake shingoni. “Haya. Kimbia hapohapo nikuone.”

Nikakimbia pale pale mbele ya cherehani. Yeye hakuangalia miguu, aliangalia kwapa. Mabega yangu ni mapana, na mkimbiaji hupeleka mikono mbele na nyuma bila kupumzika. Kwapa likibana na mgongo ukikosa nafasi, kila hatua hulivuta gauni, pindo likapanda na mshono ukasugua ngozi. Alilishusha kwapa vidole viwili, akaongeza nafasi mgongoni, na kuanzia kiunoni akakata sketi ya solo iliyokomea juu ya goti. Kitambaa alichagua poliesta nyepesi, kwa sababu pamba hunywa jasho, huwa nzito na kung’ang’ania mapajani. Ndani mimi huvaa taiti, na mafuta ya mgando nayapaka kwapani na mapajani. Miguuni ni raba. Mchuchumio husukuma uzito mwingi mbele ya wayo na kukiacha kifundo bila cha kukishika, nacho kwa kilomita sita huweza kuteguka.

Asubuhi ya kwanza nilikimbia nalo kilomita nne. Upepo uliingia chini ya pindo, magoti yakawa huru, na kufikia kilomita ya pili nilikuwa nasikia pumzi zangu tu. Sijawahi kufurahia kilomita nne kama zile.

Lakini nilikuwa peke yangu, na hapo ndipo ninapouona uzito wa mbio za watu wengi. Washington, D.C. kuna mbio zilizoanza mwaka 1986: kila Oktoba wanaume waliovaa kike, mchuchumio miguuni, hukimbia kipande kifupi cha Mtaa wa 17 huku umati ukiwashangilia. Ni mbio za ustadi na furaha, ila zina pande mbili, wa kuvaa na wa kutazama. Mbio za gauni jekundu zimeufuta upande wa pili. Anayetaka kuwemo huvaa.

Unga ukiondoa mshindi, na gauni likimwondoa mtazamaji, kinachobaki ni kundi lililo sawa. Wa kuazima gauni la dada yake na mwenye lake kabatini miaka yote wanapita barabara ileile kwa rangi ileile, na hakuna anayeulizwa kwa nini. Sisi husema stara ni nguo. Kwa mtu ambaye amekuwa akilivaa gauni lake milango ikiwa imefungwa, stara ya siku hiyo ni wale mamia waliovaa kama yeye.