Ngoma Jukwaani, Msitu Mlimani

Utamaduni wa taifa haupimwi kwa wingi wa ngoma zinazochezwa siku za sherehe. Tangu Desemba 1962, Mwalimu Nyerere alipotangaza kuundwa kwa Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana, tumejitahidi kuzitoa ngoma zetu katika dharau ya mkoloni na kuzipandisha jukwaani. Hilo lilikuwa jambo la heshima. Lakini kazi ya mhakiki ni kuuliza: tulipoipandisha ngoma jukwaani, tuliacha nini nyuma?

Jibu linaonekana Morogoro. Katika viwanja vya Nane Nane, chini ya milima ya Uluguru, vikundi vya ngoma huvaa sare, humchezea mgeni rasmi kwa dakika chache, kisha hushuka. Kwenye mabanda ya wataalamu yapo mabango yanayohimiza wananchi kupanda miti na kutunza vyanzo vya maji. Ngoma na mche wa mti vimo katika uwanja mmoja, wala havijuani. Ngoma imefanywa burudani, na mti umefanywa agizo.

Zamani haikuwa hivyo. Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na ardhi ilishikwa na koo hizo pamoja na makaburi na matambiko yake. Kinole alikaa Kingalu, mtawala aliyesifika kwa kuomba mvua. Huko Kolero palikuwa na pango la Kolelo, ambako hata Wazaramo wa nchi tambarare walituma wajumbe kutafuta mvua na rutuba. Msichana alipovunja ungo alifundishwa chini ya mkole, mti wenye matunda mengi, uliokuwa mfano wa uzazi. Kwa hiyo ngoma ya mwali ilikuwa na mti wake. Leo jukwaani tunaiona mikono, viuno na vigelegele, lakini mkole haupo, na mtoto anayetazama hajui hata jina lake.

Historia imekwisha kutuonya juu ya hatari ya kuitenga ardhi na utamaduni wa wenyewe. Katika miaka ya 1950 serikali ya Kiingereza iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi milimani ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Kusudi lake halikuwa ovu, kwani udongo ulikuwa ukichukuliwa na mvua. Lakini amri ilipita juu ya vichwa vya koo, ikadai jasho bila ya ridhaa. Mwaka 1955 ghasia zilizuka, mtu akauawa, na mpango ukaachwa. Udongo haukuokolewa kwa shuruti.

Tangu mwaka 2008 misitu ya Uluguru imekuwa hifadhi ya mazingira asilia. Hapana shaka hatua hiyo ilihitajika. Milima hiyo ina ndege na mimea isiyopatikana penginepo duniani. Mito yake huulisha Ruvu, ambao Dar es Salaam huutegemea kwa maji, na Ngerengere unaojaza bwawa la Mindu, tegemeo la mji wa Morogoro. Hata hivyo, mpaka wa hifadhi unaolindwa kwa doria peke yake ni ndugu wa yale matuta: huenda ukawa sahihi kwa mtaalamu, na bado ukawa mgeni kwa mkulima.

Wapo watakaosema kwamba tunataka kurudisha ushirikina. La. Tambiko peke yake halitamshibisha mkulima mwenye shamba finyu, na mila za zamani nazo zilikuwa na uonevu wake. Wala hatudai kila siri ya unyago imwagwe hadharani. Yaliyo ya faragha yabaki kwa wenyewe. Tunachodai ni kwamba maarifa yaliyomfanya mtu aone haya kukata mti fulani ni utamaduni kamili, sawasawa na mdundo wa ngoma, nayo yanastahili kuhifadhiwa.

Basi maonyesho yetu hayana budi kubadilika. Kikundi kinapocheza, wazee waeleze ngoma ile ilichezwa wapi, majira gani, na kwa sababu ya mti au mto upi. Siku ya kupanda miti isiwe ya hotuba tupu. Ichezewe ngoma kule kule kijijini, karibu na chemchemi inayolindwa, na wenye koo wawe wenyeji badala ya kuwa watumbuizaji. Shule ziwapeleke watoto wakajifunze majina ya miti kwa Kiluguru kabla wenye kuyajua hawajatutoka.

Taifa lililohifadhi ngoma likapoteza msitu litabaki na ngozi iliyowambwa juu ya gogo, bila ya kujua gogo lile lilitoka kwenye mti gani.