Nani Alishika Wavu?

Chama cha Elimu ya Viumbe cha Afrika Mashariki na Uganda kilianzishwa Nairobi mwaka 1909, na jarida lake likaanza kutoka 1910. Matoleo ya zamani yapo mtandaoni bure. Nimeyasoma kwa simu hapa Boko, umeme ukikatika naendelea.

Mfano wao ulikuwa klabu za Uingereza za karne ya kumi na tisa, kama ile ya Berwickshire ya 1831: mchungaji, daktari na mwenye shamba wanazurura porini kutwa nzima, wanaokota mimea na wadudu, halafu wanasomeana taarifa. Huku kwetu waliokutana ni watawala, wamisionari na walowezi. Na aliyetangulia njiani, mara nyingi, hakuwa mwanachama.

Jarida lenyewe ni zuri, tusidanganyane. Kina Frederick Jackson na C. W. Hobley walikuwa na macho, na Makumbusho ya Nairobi yalianzia kwenye makabati ya chama hiki. Kinachonikera ni jinsi historia yake inavyosimuliwa mpaka leo, kama ukoo wa wakubwa. Ndani ya kurasa “wenyeji” wapo tele, majina yao ndiyo adimu. Yule anayejua kinyonga analala mti gani, anayechimba shimo, anayechuna ngozi isiharibike, huyo anapita tu kama mzigo.

Halafu angalia majina ya viumbe. Kinyonga wa pembe tatu anabeba jina la Jackson tangu 1896. Chozi wa milima ya Uluguru alipewa jina la Arthur Loveridge mwaka 1922, mtu aliyewahi kutunza makumbusho hayo ya Nairobi. Yaani kana kwamba Waluguru hawakuwahi kuinua macho!

Okapi wa Kongo alinusurika nusu. Harry Johnston, aliyekuwa mtawala Uganda, alipeleka ngozi London, na mwaka 1901 mnyama akaingia vitabuni: Okapia johnstoni. Neno la kwanza ni la watu wa msituni, la pili ni la bwana mkubwa.

Chama bado kipo, siku hizi kinaitwa Nature Kenya, na jarida linaendelea. Atakayeandika historia yake upya asianze na orodha ya marais. Aanze na vibandiko kwenye makabati: kiumbe kimetoka kijiji gani, tarehe gani, kisha aende kijijini hapo akaulize wanakiitaje.