Gharama ya Kutilia Shaka: Jinsia, Upendeleo na Ujumuishi katika The God Delusion na Moral Combat

Utangulizi

Maandishi ya wakanamungu yaliyovuma Uingereza na Marekani mwanzoni mwa karne ya 21 huhakikiwa kwa kuuliza iwapo hoja zake dhidi ya dini zina mashiko. Lipo swali jingine linalostahili uzito huohuo: ni nani katika maandishi hayo anayepewa haki ya kutilia shaka, na shaka hiyo inamgharimu nini? Uhakiki huu unalichunguza swali hilo kwa kulinganisha The God Delusion (2006) cha Richard Dawkins, mwanabiolojia wa Uingereza, na Moral Combat (2011) cha Sikivu Hutchinson, mwanafeministi Mweusi wa Marekani. Uchambuzi unaongozwa na mtazamo wa makutano ya ukandamizaji ulioasisiwa na Kimberlé Crenshaw mwaka 1989, usemao kwamba madhila ya mwanamke Mweusi hayaeleweki iwapo rangi na jinsia vitatenganishwa.

Deni la Dawkins kwa ufeministi

Jambo la kwanza la kutambuliwa ni kwamba The God Delusion kina deni kwa ufeministi, na mwandishi wake analikiri deni hilo waziwazi. Dawkins anaeleza kwamba wanafeministi ndio walioonesha nguvu ya kuamsha fahamu: kwa kuyakosoa maneno ya kila siku ya Kiingereza yanayomfanya mwanamume kuwa ndiye binadamu, waliifanya jamii isikie kile ambacho masikio yake yalikwisha kukizoea. Mbinu hiyo anaihamishia kwa watoto. Anataka msomaji ashtuke kila asikiapo mtoto mdogo akiitwa mtoto wa Kikatoliki au wa Kiislamu, kwa kuwa mtoto huyo hajafikia umri wa kujichagulia imani.

Hoja hiyo ni miongoni mwa hoja zenye nguvu kitabuni, kwani inaonesha jinsi dhuluma inavyoweza kujificha ndani ya neno la kawaida. Hata hivyo, mkopo huo una mpaka. Ufeministi unaingia kitabuni kama chombo cha kuwakosoa wengine, wala haupewi nafasi ya kuikosoa nyumba ya wakanamungu yenyewe. Kwa sehemu kubwa, mwanamke anayedhulumiwa kitabuni anadhulumiwa na dini, na mkombozi wake ni akili inayochukuliwa kuwa haina jinsia wala rangi.

Tukio la Dublin na mantiki ya kejeli

Mpaka huo ulijitokeza hadharani Juni 2011. Rebecca Watson, Mmarekani na mwanaharakati wa fikra tunduizi, alizungumza katika kongamano la wakanamungu mjini Dublin kuhusu namna wanawake wanavyotendewa ndani ya jumuiya hiyo. Baadaye, yapata saa kumi alfajiri, mwanamume mmoja aliingia naye kwenye lifti ya hoteli na kumwalika chumbani kwake. Watson alilisimulia tukio hilo kwa ufupi na kuwasihi wanaume wasifanye hivyo. Dawkins alijibu kwa barua ya kejeli iliyoelekezwa kwa mwanamke Mwislamu wa kubuni. Mwanamke huyo anaorodheshewa mateso yake mwenyewe, kisha anaambiwa aache kulalamika, kwa sababu dada zake wa Marekani wana mzigo mzito zaidi: wanaalikwa kunywa kahawa. Mwaka 2014 Dawkins aliomba radhi.

Radhi hiyo haiondoi haja ya kuichambua barua yenyewe. Kwanza, mwanamke Mwislamu anayetajwa hana sauti. Hajaulizwa lolote, naye anatumika kama kipimo cha kumnyamazishia mwanamke mwingine. Pili, mantiki ya barua inaibomoa hoja ya mwandishi mwenyewe. Iwapo dhuluma ndogo haipaswi kutajwa kwa kuwa kubwa ipo, basi mtoto wa Uingereza anayebandikwa jina la dini naye angepaswa kusahauliwa, kwani wapo watoto wanaoteseka zaidi yake. Kumbe kipimo kilichotumika kwa Watson hakikutumika kwa watoto. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: shaka iliyoelekezwa kwa maaskofu ilisifiwa kuwa ujasiri, ilipoelekezwa kwa jumuiya yenyewe ikaitwa manung'uniko.

Shaka na gharama yake katika Moral Combat

Hutchinson anaanzia mahali tofauti. Anatazama mitaa ya Wamarekani Weusi, ambamo kanisa ni zaidi ya mahali pa sala: ni pahali pa kupata malezi ya watoto, chakula wakati wa dhiki, watu wa kufahamiana nao na heshima mbele ya jirani. Takwimu za Kituo cha Pew za mwaka 2007 zilionesha kwamba zaidi ya wanawake Weusi wanane kati ya kumi nchini Marekani waliiona dini kuwa jambo muhimu sana maishani. Mfuasi wa Dawkins anaweza kuona humo upungufu wa elimu ya sayansi. Hutchinson anaona mgawanyo wa mali na majukumu. Mwanamke anatarajiwa kuibeba imani ya familia nzima, na anapoiacha hupoteza pia msaada ambao serikali haijauleta. Profesa mwenye mshahara na kiti chuoni hapotezi kiasi hicho. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Kwa mtazamo huo, ujumuishi haupatikani kwa kuongeza nyuso za wanawake jukwaani pekee, bali kwa kubadili ajenda: umaskini, magereza na afya ya uzazi vihesabiwe kuwa masuala ya kisekula sawa na ufundishaji wa mageuko ya viumbe. Hata hivyo, Moral Combat kina udhaifu wake. Kwa kulipa kundi uzito mkubwa, dhamiri ya mtu mmojammoja, yule anayeiacha imani kwa sababu tu ameona si kweli, hufifia. Hapo Dawkins anabaki na nguvu.

Hitimisho

Imebainika kwamba vitabu hivi viwili vinatofautiana zaidi katika kumtambua mwenye shaka kuliko katika kumkana Mungu. Dawkins anamchukulia kuwa akili huru. Hutchinson anamwona kuwa mtu mwenye mwili, jinsia, rangi na madeni. Matokeo haya yana maana pia kwa uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Katika Kichwamaji (1974) cha Euphrase Kezilahabi, Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, ana wasaa wa kumhoji Mungu, ilhali Rukia, dada yake, anapachikwa mimba na Manase na kufa. Mhakiki anayeisoma shaka ya Kazimoto kama falsafa tupu, bila kuuliza kwa nini Rukia hakupewa nafasi ya kuhoji, anarudia kosa lilelile la barua ya mwaka 2011.