Cloud ni Nani? Mhusika Anapojisimulia

Tunapouliza swali la sifa za mhusika, wanafunzi wengi huorodhesha yale ambayo mhusika amejisemea mwenyewe. Hatari ya njia hii inaonekana wazi katika mchezo wa video wa Final Fantasy VII, uliotolewa na kampuni ya Square ya Japani mwaka 1997.

Mhusika mkuu, Cloud Strife, anajitambulisha kuwa alikuwa askari wa kikosi teule cha SOLDIER: mkavu, asiyejali ila malipo yake. Mjini Kalm anawasimulia wenzake tukio la Nibelheim la miaka mitano nyuma. Ndani ya lori askari mmoja wa kawaida anachefuliwa na safari. Cloud anasema yeye hajapatwa na hali hiyo kamwe. Tifa, aliyekulia naye kijijini, anasikiliza na kunyamaza.

Baadaye tunang'amua kwamba mwanakikosi yule alikuwa Zack. Askari aliyechefuliwa ndiye Cloud, aliyeficha uso kwa kofia ya chuma kwa aibu ya kutochaguliwa. Hakudanganya kwa makusudi. Majaribio ya Hojo yalikuwa yamemvuruga kumbukumbu.

Je, basi ushujaa wake wote ni bandia? Hatudhani hivyo. Askari huyohuyo wa kawaida ndiye aliyemchoma Sephiroth kwa upanga. Majivuno aliyaazima, ujasiri ni wake.

Walimu wenzetu, tuwazoeze wanafunzi kupima kauli ya mhusika kwa matendo yake, na pia kwa ukimya wa wanaomjua.